Majongoo wa Bamburi na gunia langu la mvinje

Gunia lilikuwa la sukari, la kilo 50. Nililijaza majani makavu ya mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama vijiti, wakati wa kaskazi, nikayashindilia kwa mguu, nikalifunga kamba na kuliegemeza ukutani nyuma ya jiko. Hesabu yangu ilikuwa kwamba masika ikija na kupita, nitakuta humo mboji nyeusi ya kuoteshea miche. Masika ikapita, na ya pili ikapita. Nilipolifungua, mvinje ulikuwa mvinje. Rangi ilikuwa imekolea kidogo, basi. Ningeyamwaga yale majani chini ya mti wake, hakuna ambaye angejua kwamba yalikuwa kifungoni miaka miwili.

Kiwanja chetu kiko kaskazini ya Mombasa, kwenye ile ardhi ambayo ukipiga jembe mara mbili, la tatu linagonga jiwe la matumbawe. Juu ya jiwe kuna mchanga, kina cha kiganja, pengine viwili. Maji ukiyamwaga yanazama kama yanayokimbia deni. Mchicha unaumwagilia asubuhi, saa nane mchana umelala. Kwa hiyo kila anayetaka kulima huku ama ananunua udongo mweusi kwa gunia, ama anatafuta namna ya kuutengeneza. Kununua sikutaka, kwa kuwa udongo unaopita mtaani kwa mkokoteni hauna cheti cha kuzaliwa. Misitu yenye udongo wa namna hiyo ni michache, na mingine ni ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako mila hairuhusu ujichotee upendavyo.

Majani, kwa upande mwingine, tunayo hadi yanatukera. Kuna mvinje mitatu kwenye mpaka, iliyosalia katika shamba la jirani aliyekuwa akiipanda kwa ajili ya nguzo za kujengea. Kuna mwembe, kuna mkungu (mti, si wa ndizi), kuna mwarobaini. Kila alfajiri ufagio wa chelewa unapita, linakuwa fungu, linatiwa kiberiti. Moshi wa majani ni sehemu ya asubuhi ya huku kama mahamri na mbaazi. Ndiyo maana niliona gunia langu kuwa jambo la akili, na ndiyo maana liliponishinda niliona haya kidogo.

Maelezo ya kushindwa kwangu yalikuwa jirani, na nilikuwa nimeyapita zaidi ya mara tano bila kuyaona. Yako Haller Park, Bamburi. Watu huenda pale kulisha twiga, na wengi wetu tuliwapeleka watoto kumwona Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee aitwaye Mzee. Hakuna anayeinama kutazama anachokanyaga. Anachokanyaga ni mboji ya mvinje, na chini yake ni sakafu ya machimbo ya saruji.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ni jiwe la matumbawe, mwamba wa bahari ya kale, na wakichimba wanaacha shimo pana, jeupe, linalong'aa jua mpaka macho yanauma. Hakuna udongo. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na sakafu, lakini yana chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti kwenye machimbo yaliyokwisha kuchimbwa. Alijaribu aina 26. Zilizovumilia zilikuwa tatu: mnazi, damas wa Somalia (Conocarpus lancifolius), na mvinje.

Mvinje ndio uliotangulia mbio. Unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua nitrojeni ya hewani na kuugawia mti. Kwa mti uliopandwa kwenye jiwe tupu, hiyo ni sawa na kuhamia nyumba yenye duka chini. Ukakua, ukatia kivuli, ukaanza kumwaga majani. (Tukitaka usahihi, vile vijiti vya kijani si majani, ni vitawi vyembamba vyenye pingili, na majani yenyewe ni vimeno vidogo kwenye kila pingili. Lakini ufagio hauulizi.)

Hapo ndipo kisa cha Bamburi kinapogusana na gunia langu. Majani yalianguka, yakalala, yakaongezeka. Hayakuoza. Msitu ulikuwa umesimama juu ya godoro la vijiti vikavu, na vijiti si udongo; mti mwingine wowote usingeota pale. Haller alikuwa na majani yote aliyoyahitaji, na bado hakuwa na mboji.

Kilichokosekana kilikuwa mlaji. Haller alimwona jongoo mweusi wa miguu myekundu, huyu huyu anayejikunja kama sarafu ukimgusa, akila majani ya mvinje. Akaleta mamia ya majongoo na kuwaachia machimboni. Wakala, wakazaana, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Baada ya hapo ikawezekana kupanda miti ya asili ya pwani chini ya kivuli cha mvinje, kisha wakaja wanyama, na mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kutembelea. Mwaka 1987 Haller alipata tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Majongoo hawakutajwa kwenye cheti, nadhani.

Jina la kitaalamu la jongoo huyo ni Epibolus pulchripes. Sisi tulimjua kwa hadithi ya bibi, ya namna alivyomwazima nyoka macho yake akaenda ngomani na miguu ya nyoka, wasirudishiane mpaka leo. Na tulimjua kwa ule msemo wa watu wazima kuhusu jongoo na mtungi ambao sitauandika hapa. Kwamba ni fundi wa udongo, hakuna aliyetuambia.

Sasa, kwa nini mvinje unahitaji mlaji wakati jani la mwarobaini linapotea lenyewe kwa miezi michache? Jawabu liko kwenye kikombe. Loweka majani makavu ya mvinje kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi maji yamekuwa chai ya mkandaa. Ni zaidi ya mfano: mkandaa wenyewe ni mti wa mikoko ambao magome yake yalitumika tangu zamani kutia rangi na kutengeneza ngozi, na kinachofanya kazi hiyo ni tanini. Tanini inashikamana na protini. Ndiyo inayofanya ngozi ya ng'ombe ikawa kiatu badala ya kuoza, na ndiyo hiyo hiyo iliyojaa kwenye mvinje. Bakteria wanaolifikia lile jani wanakuta chakula kimefungwa. Ongeza nta ya nje inayozuia maji yasiingie, na uhaba wa nitrojeni, maana mti kabla ya kuangusha jani huvuta nitrojeni kiasi kikubwa urudi nayo ndani, kama mpangaji anayehama na balbu zake.

Jongoo anavunja mambo hayo kwa meno. Jani lililosagwa lina sehemu nyingi za kushambuliwa. Ndani ya tumbo jani hilo linatiwa unyevu na kuchanganywa na vijidudu, na kwa kuwa jongoo mwenyewe hufyonza sehemu ndogo tu ya anachokula, kingi kinatoka kama vidonge vyeusi vilivyo tayari kwa ukungu na bakteria. Ganda la mua la jana chungu kaona kivuno. Jongoo na lake ni hilo.

Turudi kwenye gunia. Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Nililifunga, hakuna mdudu aliyeingia. Na nililijaza majani makavu bila kuyatia maji, nikitegemea mvua ipenye yenyewe. Mvua haikupenya, ukuta na upenu wa jiko viliizuia, na kidogo kilichofika kiliteleza juu ya nta. Mboji ya majani si kama mboji ya takataka za jikoni na samadi, ile inayopanda joto ukichomeka fito inatoka moto. Ile ni kazi ya bakteria na haraka. Ya majani ni kazi ya ukungu, ya polepole na ya baridi, na ukungu hauishi pakavu. Kule Uingereza, ambako wakulima wa bustani wanaithamini sana mboji hii, majani ya mwaloni wanayapa mwaka mmoja mpaka miwili, na ya misonobari zaidi. Huku kwetu joto linatusaidia, lakini joto bila maji linakausha tu.

Mara ya pili nilianza mwezi wa Aprili, mvua zilipokaza. Nilizungusha wavu wa kuku chini ya mwembe, upana wa hatua moja na nusu, bila kuweka chochote chini. Nilitaka wadudu wa chini wapande. Majani ya mvinje niliyaloweka kwanza kwenye pipa usiku kucha, yale maji ya rangi ya chai nikayamwaga njiani. Majani ya mwembe niliyatia guniani yakiwa makavu nikawaambia watoto wayakanyage, kazi ambayo hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwarobaini nikautia kama ulivyo. Mkungu niliuacha nje mara hiyo, kwa sababu majani yake mapana yakilowa yanalaliana kama kurasa za kitabu kilichomwagikiwa maji, na hewa haipiti. Ukiutaka, ukate kwa panga kwanza. Mkaratusi usiutie hata kidogo. Mafuta yake yanawakera wadudu na miche pia.

Halafu nikatafuta chachu. Chini ya mvinje wa mpakani, ukifukua vijiti vya juu, kuna tabaka jembamba jeusi lenye nyuzi nyeupe za ukungu. Nilichukua ndoo moja, nikaitawanya kwenye kila tabaka. Na majongoo, ambao mwezi wa Mei wako kila mahali, niliwaokota na mtoto wa dada yangu kwa jani la mgomba mpaka wakawa kama arobaini. Kwa jani, si kwa kidole: jongoo akiudhika anatoa maji ya kahawia yanayochubua na kutia madoa, na yakiingia jichoni ni hospitali.

Mzee jirani alisimama mpakani akitazama.

"Mwanangu, huyo unamfuga?"

"Nampa kazi, baba."

Akaondoka akitikisa kichwa. Kesho yake alinipitishia gunia mbili za majani yake badala ya kuyachoma, nadhani kwa kunihurumia.

Unyevu ndio uliokuwa kazi yenyewe. Kipimo ni kukamata konzi ya majani ya katikati na kuyakamua: yakitoa tone moja mawili, yako sawa, yakitiririka, yamezidi, yakikwaruza, yana kiu. Kisima chetu kina chumvi, hivyo sikukitumia. Maji yakikauka chumvi inabaki, na mboji ya chumvi huijui mpaka miche ikuungulie. Nilitumia maji ya mvua ya paa na ya kuoshea mchele. Mvua zilipokatika nilifunika kwa makuti, na hata hivyo Agosti mchwa waliingia upande wa juu uliokauka. Mchwa ni mlaji pia, ila anakula na kubeba kwenda kwake. Nilipolowesha tena wakahama. Majongoo nao wakati wa kiangazi huzama ardhini, kwa hiyo kazi yote ikasimama, ikarudi na vuli.

Novemba, miezi saba tangu nianze, chungu iliyofika kifuani ilikuwa imeshuka chini ya goti. Juu bado mna vijiti. Chini, theluthi hivi ya yote, kulikuwa na kitu cheusi, chepesi, kinachomeguka, chenye harufu ya mvua ya kwanza.

Na hapo nikakosea tena, kosa ambalo naona ni kubwa kuliko lile la gunia. Nilifurahi mno. Nilichota chote, kilichoiva na kisichoiva, nikakichimbia kwenye tuta la mchicha kama mtu anayetia samadi. Wiki ya tatu mchicha ulikuwa wa manjano. Jirani alisema ni jiwe la matumbawe, na hakuwa mjinga kusema hivyo: kwenye udongo wenye chokaa nyingi madini ya chuma yanafungika, mmea unashindwa kuyavuta, na majani yanapauka. Lakini kuna namna ya kuzitofautisha njaa hizi mbili. Njaa ya chuma inaanzia majani mapya ya juu, nayo yanapauka kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Wangu ulianzia majani ya chini, ya zamani, yakawa manjano yote mpaka mshipani. Hiyo ni nitrojeni.

Yale majani nusu-mabichi niliyoyafukia yalikuwa bado yanaliwa, na walaji wao, ukungu na bakteria, walihitaji nitrojeni ambayo majani hayakuwa nayo. Wakaichukua kwenye udongo, kwa kuwa wao ni wepesi kuliko mizizi. Nilikuwa nimemwalika mgeni kabla chakula hakijaiva, naye akala cha mwenye nyumba. Na hata kama ingekuwa imeiva kabisa, mboji ya majani pekee haina chakula cha kutosha kukuza mchicha. Si mbolea. Wanaoiuza au kuisifu kama mbolea wanawatia watu hasara, na mimi nilijitia mwenyewe. Kazi yake ni kushika maji, kuupa mchanga mwili, kuwapa mizizi njia. Chakula kinatoka kwa samadi. Nilitia samadi ya mbuzi iliyooza, debe moja kwa tuta, na ndani ya siku kumi majani mapya yalitoka kijani. Yale ya manjano hayakurudi. Niliyachuma nikawapa kuku.

Sasa natenganisha. Nachekecha kwa wavu wa mbu uliotandwa kwenye fremu ya mbao, ingawa wavu wa dirisha ungekuwa bora, wa mbu unachanika. Kinachopita ni cha kitalu: sehemu mbili za mboji ya majani, moja ya mchanga uliooshwa, na konzi ya samadi iliyooza vizuri. Humo mbegu za biringanya, nyanya na pilipili zinaota kwa raha, kwa kuwa mche mdogo hauhitaji chakula kingi. Unahitaji unyevu usiokatika na udongo laini. Kwenye mchanga wetu mtupu nilikuwa namwagilia kitalu asubuhi, mchana na jioni. Sasa asubuhi, na siku za jua kali jioni pia.

Kisichopita kwenye chekeche nakitandaza juu ya udongo, kina cha vidole vitatu, mbali kidogo na shina. Juu hakinyang'anyi nitrojeni ya mizizi kama kikifukiwa. Kinazuia jua, na kinaendelea kuliwa taratibu. Majongoo wanakifuata, jambo ambalo kwa miti na mabiringanya makubwa ni heri, ila kwa miche ya juzi si heri: jongoo akikosa kilichooza atatafuna kilicho laini. Kitalu changu kimeinuliwa juu ya meza, miguu ya meza imesimama kwenye makopo ya maji.

Mke wangu ana hoja moja ambayo sijaweza kumjibu vizuri. Uwanja wa pwani unafagiliwa mpaka udongo unaonekana kwa sababu ya nyoka, na bibi zetu hawakuwa wapuuzi. Chungu ya majani yenye unyevu inavuta vyura, na chura anavuta nyoka. Nge na tandu nao hawahitaji mwaliko. Tumekubaliana chungu ikae hatua ishirini na zaidi kutoka mlangoni, mabaki ya chakula yasitiwe humo ili panya wasije, na mtu asiingize mkono mtupu. Tunatumia uma wa shamba. Upande wa nyumba ufagio unaendelea kama zamani. Tofauti ni kwamba fungu la asubuhi halitiwi kiberiti.

Lile gunia la kwanza bado lipo nyuma ya jiko. Sikulimwaga, nililirudishia kamba nikaliacha lifike mwaka wa tatu, nione. Juzi, masika ilipoanza, nililitoboa matundu kwa kisu, nikalilaza chini kwenye kivuli, nikalimwagia ndoo mbili za maji ya mvua, nikatia majongoo sita. Jana asubuhi niliwahesabu waliokuwa juu ya gunia. Walikuwa tisa.